Ferguson si mtaa, ni mji: historia iliyofungwa kwa mnyororo



Leo naanza kwa kuungama. Mwezi Agosti mwaka juzi nilikuwa zamu kwenye dawati la habari za kimataifa. Nikaletewa habari ya shirika la nje kuhusu kumbukumbu ya kifo cha Michael Brown, yule kijana Mweusi wa Marekani mwenye miaka 18 aliyepigwa risasi na polisi tarehe 9 Agosti 2014. Muda ulikuwa umekwenda, ukurasa unasubiriwa, mhariri amesimama nyuma ya kiti changu. Nikatafsiri haraka haraka: aliuawa katika mtaa wa Ferguson jijini St. Louis. Ukurasa ukaenda mtamboni, nami nikaenda zangu kula chipsi.

Kesho yake simu ya chumba cha habari ikalia. Alikuwa mzee mmoja, sauti ya kikohozi, hakutaka kutaja jina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika ile habari ya Ferguson?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu, Ferguson si mtaa. Wala haimo jijini St. Louis. Ni mji, una meya wake, polisi wake na mahakama yake. Mimi nimesoma huko Missouri miaka ya sabini. Ukiandika kuwa ni mtaa, msomaji wako hataelewa kamwe yule kijana alikufa kwa nini. Chukua ramani, uangalie barabara zinapoishia."

Akakata simu. Nilipomweleza mhariri, alicheka akasema nani atajali, mtaa na mji si kitu kimoja tu. Masahihisho hayakuchapwa. Lakini maneno ya yule mzee yalinikaa rohoni. Usiku nikafungua ramani ya setilaiti kwenye intaneti nikaanza kutafuta barabara zinapoishia. Sijafika Ferguson mpaka leo. Nimesoma tu, tena kwa miezi mingi, ripoti, takwimu za sensa na hukumu za mahakama. Haya hapa ni malipo ya deni langu.

Tatizo linaanza na neno

Wamarekani wana neno moja kwa miji midogo inayozunguka jiji kubwa. Sisi waandishi wa Kiswahili hatuna neno moja tulilokubaliana. Siku moja tunaandika "kitongoji", siku nyingine "viunga vya jiji", siku ya tatu "mtaa". Sasa msomaji wa Dar es Salaam akisikia pembezoni mwa jiji anawaza Mbagala au Gongo la Mboto, yaani mahali mtu anapokwenda kwa sababu kiwanja ni nafuu na kodi ya nyumba katikati imemshinda.

Huko Marekani, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, ilikuwa kinyume chake. Mwenye uwezo ndiye aliyekwenda pembezoni. Alikwenda kutafuta nyumba yenye bustani, shule nzuri na majirani wanaofanana naye. Kwa lugha yetu, huko ndiko uzunguni. Na hapa sitanii, maana sheria na mikataba ya nyumba ilisema hivyo hivyo.

Hebu tuangalie St. Louis yenyewe. Ni jiji lililo kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Missouri. Mwaka 1876 wapiga kura waliamua jiji lijitenge na kaunti inayolizunguka. Wakati huo wakubwa wa jiji waliona kaunti ni mzigo, mashamba matupu yanayokula kodi zao. Matokeo yake mpaka wa jiji uligandishwa palepale. Jiji lilipojaa, watu walimwagikia nje ya mpaka, na huko nje kila kundi la nyumba lilianza kujitangazia mji wake. Ndiyo maana hadi leo Kaunti ya St. Louis ina miji inayojitegemea zaidi ya 80, mingine ina watu mia chache tu. Ni sawa na kuichukua Kinondoni, ukampa kila mjumbe wa nyumba kumi meya, askari na hakimu wake.

Ferguson ni mmoja wa miji hiyo. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 16. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 18,527.

Reli, meya na chemchemi ya mji

Mji ulizaliwa na reli. Mwaka 1855 mwenye shamba mmoja, William B. Ferguson, aliipa kampuni ya reli ya North Missouri ekari 10 za ardhi yake kwa masharti mawili: wajenge stesheni pale, na stesheni iitwe kwa jina lake. Wakakubali. Mwaka 1894 ukawa mji rasmi. Wafanyakazi wa ofisini walipanda treni asubuhi kwenda jijini, jioni wakarudi kwenye nyumba zao za mbao zenye baraza pana chini ya miti.

Ukiangalia ramani, sehemu hiyo ya zamani bado inaonekana vizuri. Iko kandokando ya barabara ya South Florissant, ambako kuna ofisi za mji na kituo cha polisi. Karibu yake kuna bustani ya January-Wabash yenye bwawa, na jina la Wabash ni la kampuni nyingine ya reli. Hapo ndipo Ferguson ya kwenye picha za posta.

Sasa sogeza ramani magharibi kidogo. Unakutana na Kinloch.

Jirani wa upande wa pili

Kinloch nayo ilianza miaka ya 1890 kama mradi wa viwanja kando ya reli. Tofauti ni kwamba Weusi waliruhusiwa kununua viwanja sehemu ya Kinloch, jambo lililokuwa adimu kabisa maeneo yale. Wakanunua, wakajenga, wakaanzisha makanisa, maduka na shule.

Kuna jambo dogo lililonifurahisha hapa. Rais mstaafu Theodore Roosevelt, yule aliyeshuka meli Mombasa mwezi Aprili 1909 kuja kuwinda wanyama wetu, mwaka uliofuata alikwenda kwenye uwanja wa Kinloch, akapanda ndege tarehe 11 Oktoba 1910. Alikuwa mtu wa kwanza aliyewahi kuwa rais wa Marekani kuruka angani kwa ndege. Uwanja ule wa nyasi ndio uliokua ukawa uwanja wa ndege wa kimataifa wa St. Louis, uitwao Lambert. Shika jambo hilo, tutarudi kwake.

Mwaka 1937 Wazungu waliokuwa upande mmoja wa Kinloch walijitenga. Wakaunda mji wao, Berkeley, na wilaya yao ya shule. Weusi wakabaki na kipande chao na kodi zao chache. Mwaka 1948 Kinloch ikajitangaza mji, wa kwanza katika Missouri kuwa mji rasmi wa Weusi. Jenifer Lewis, mwigizaji maarufu wa filamu na televisheni, alizaliwa hapo mwaka 1957. Kwa kipindi fulani ulikuwa mji hai, wenye watu zaidi ya 6,500 katika sensa ya mwaka 1960.

Je, jirani yao Ferguson aliwapokeaje?

Alifunga barabara. Kulikuwa na njia kuu iliyounganisha miji hii miwili, iitwayo Suburban Avenue. Ferguson iliweka mnyororo na vifusi vya ujenzi kati ya njia ili mtu wa Kinloch asipite. Njia ya pili iliachwa wazi mchana, kwa sababu wale mayaya na wafanyakazi wa ndani walitakiwa wafike kazini. Jua likizama, Mweusi hakutakiwa kuonekana Ferguson. Hali hii haikuwa ya enzi za babu wa babu. Kizuizi kile kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati sisi tumeshapata Uhuru na Azimio la Arusha limeshatangazwa.

Nilipofika hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee. Barabara zinapoishia.

Mpaka wa karatasi

Mnyororo unaonekana kwa macho. Lakini ulikuwepo mnyororo mwingine wa karatasi, nao ulikuwa mgumu zaidi.

Mwaka 1916 wapiga kura wa jiji la St. Louis walipitisha sheria ya kuwatenga Weusi na Wazungu katika makazi. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha sheria za namna hiyo, katika kesi iliyotoka mji mwingine. Basi wenye nyumba wakatafuta mlango wa uani. Waliandika sharti ndani ya hati za nyumba: nyumba hii haitauzwa kwa Mweusi. Mwaka 1945 familia ya Shelley, watu Weusi, walinunua nyumba namba 4600 Labadie Avenue, jijini St. Louis, yenye sharti kama hilo. Wakashitakiwa. Kesi ikafika Mahakama Kuu na mwaka 1948 ikaamuliwa kwamba mahakama haziwezi kutumika kulinda masharti ya aina hiyo. Ndiyo kesi maarufu ya Shelley na Kraemer. Angalia mwaka: ni ule ule Kinloch ilipokuwa mji.

Lakini ushindi wa mahakamani haukumpa mtu mkopo wa benki. Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani ilikuwa ikidhamini mikopo ya nyumba, na maofisa wake walihesabu mtaa wenye Weusi kuwa ni hatari kwa fedha. Hivyo maelfu ya Wazungu walipata mikopo nafuu ya kujenga pembezoni, na mtoto wa Kinloch, hata kama baba yake ana kazi nzuri, alinyimwa. Miaka 30 baadaye mmoja ana nyumba ya kurithisha na mwingine ana risiti za kodi ya pango. Tunaposikia kwamba Weusi wa Marekani wana mali kidogo kuliko Wazungu, hapo ndipo penye moja ya mizizi yake.

Jiji lafukuza, pembezoni yapokea

Sasa tuingie jijini kidogo. St. Louis ilifikia kilele chake mwaka 1950, ikiwa na watu 856,796. Mwaka 2020 walibaki 301,578. Fikiria jiji linalopoteza karibu theluthi mbili ya watu wake bila vita.

Wazungu walihamia kaunti. Weusi nao walisukumwa. Kuanzia mwaka 1959 jiji lilibomoa bonde la Mill Creek, makazi ya watu wapatao 20,000, karibu wote Weusi, kwa jina la maendeleo. Wengine walipelekwa kwenye majengo ya serikali ya Pruitt-Igoe, maghorofa 33 yenye ghorofa 11 kila moja, yaliyokamilika miaka ya 1950. Hayakufikisha hata miaka 25. Yalianza kulipuliwa mwaka 1972 na kufikia 1976 yalikuwa yameondolewa yote.

Watu hao walikwenda wapi? Sheria ya haki ya makazi ilikuwa imepitishwa mwaka 1968, milango ikaanza kufunguka, wakaelekea kaskazini-magharibi, nje ya mpaka wa jiji. Mbele yao Wazungu wakaanza tena kuhama, safari hii mbali zaidi, hadi kaunti ya St. Charles ng'ambo ya mto Missouri.

Takwimu za Ferguson zinaeleza vizuri kuliko mimi. Mwaka 1970 karibu wakazi wote walikuwa Wazungu. Mwaka 1980 Weusi walikuwa asilimia 14. Mwaka 1990 walikuwa 25. Mwaka 2000 wakafika 52, na mwaka 2010 wakafika 67. Mji uliokuwa umefunga barabara ukawa mji wa Weusi katika umri wa mtu mmoja.

Lakini hawakuingia mji ule wa picha za posta, walau si wengi. Sogeza ramani kusini-mashariki. Utaona kona ya mji iliyojitenga, mbali na stesheni na bustani yenye bwawa. Hapo kuna barabara ya West Florissant yenye maduka na vituo vya mafuta, na pembeni yake majengo ya kupangisha, likiwemo eneo la Canfield Green. Wakazi wa Canfield wanahesabiwa Ferguson wakati wa kulipa faini, lakini watoto wao wako katika wilaya nyingine ya shule, Riverview Gardens, tofauti na watoto wa katikati ya mji. Karibu tu na hapo, barabara hiyohiyo, kampuni kubwa ya Emerson ilikuwa na makao yake makuu kwa miongo mingi. Utajiri na ufukara walitazamana dirishani.

Mji uliomezwa na ndege

Na Kinloch je? Nilisema tutarudi kwenye uwanja wa ndege. Kuanzia miaka ya 1980 mamlaka ya uwanja ilianza kununua nyumba za Kinloch kwa sababu ya kelele za ndege. Nyumba ikinunuliwa inabomolewa, kanisa linapoteza waumini, duka linafungwa, jirani aliyebaki naye anauza. Mwaka 1980 Kinloch ilikuwa na watu 4,455. Mwaka 1990 walikuwa 2,702. Mwaka 2000 walikuwa 449. Mwaka 2020 walikuwa 263. Baadhi walihamia Ferguson na miji jirani.

Kwenye picha ya setilaiti unaona mitaa bado imechorwa, na kona zake, lakini kandokando ni vichaka. Barabara zipo, nyumba hazipo. Nakiri niliizima kompyuta nikakaa kimya kidogo. Watu waliofungiwa njia kwa mnyororo walijenga mji wao, na mji wenyewe ukanunuliwa chini ya miguu yao.

Kosa la namna ya kutembea

Sasa basi, tumefika Agosti 2014. Kumbuka miji ile zaidi ya 80. Kila mji unahitaji fedha za kumlipa meya, askari na hakimu. Wenye mali wamehama, kodi zimepungua. Fedha zitatoka wapi?

Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti mbili tarehe 4 Machi 2015. Ya kwanza ilihusu kifo chenyewe, na haikupata ushahidi wa kutosha kumshitaki askari aliyempiga Brown risasi. Baraza la wazee wa mahakama la kaunti nalo lilikuwa limekataa kumshitaki mwezi Novemba 2014. Ya pili ilihusu polisi na mahakama ya Ferguson, na hiyo ndiyo ninayomwomba kila mwandishi kijana aisome. Ilionyesha kwamba katika bajeti ya mwaka 2015 mji ulitarajia kupata dola milioni 3.09 kutokana na faini na ada za mahakama, katika mapato ya dola milioni 13.26. Mwaka 2013 peke yake mahakama ya mji huu mdogo ilitoa hati za kukamata watu zaidi ya 9,000, nyingi zikitokana na makosa madogo madogo kama kuegesha gari vibaya. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini ni asilimia 85 ya waliosimamishwa wakiwa kwenye magari na asilimia 93 ya waliokamatwa.

Kuna kosa moja katika sheria za mji lililonishangaza: namna ya kutembea barabarani. Asilimia 95 ya walioshitakiwa kwa kosa hilo walikuwa Weusi. Na ndugu zangu, Michael Brown na rafiki yake walisimamishwa na askari kwa sababu walikuwa wakitembea katikati ya barabara ya Canfield. Dakika chache baadaye alikuwa amekufa. Mwili wake ulilala juu ya lami kwa saa nne hivi, mbele ya majirani.

Wakati ule baraza la mji lilikuwa na madiwani sita, na Mweusi alikuwa mmoja tu. Meya alikuwa Mzungu. Watu walikuwa wamebadilika lakini viti vilikuwa vilevile, maana kura za mji zilipigwa mwezi Aprili, mwezi ambao hakuna uchaguzi mkubwa wa kuwatoa watu majumbani.

Yaliyobadilika

Nisiwe mchoyo, mengine yamebadilika. Aprili 2015 Weusi wawili zaidi walichaguliwa udiwani. Mmoja, Wesley Bell, alikuja kuwa mwendesha mashitaka wa kaunti baada ya uchaguzi wa mwaka 2018, na mwaka 2024 akachaguliwa mbunge wa Marekani. Mwingine, mama Ella Jones, mwezi Juni 2020 alichaguliwa meya wa Ferguson, Mweusi wa kwanza na mwanamke wa kwanza. Mwaka 2015 Missouri ilipunguza kiwango cha mapato ambacho mji unaweza kukusanya kwa faini za barabarani. Mwaka 2016 mji uliingia makubaliano ya mahakamani ya kurekebisha polisi wake.

Lakini miji bado ipo zaidi ya 80 na mipaka ni ileile. Kinloch bado ni vichaka.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya neno moja nililolitafsiri vibaya. Nilipoandika "mtaa", nilimwambia msomaji kwamba kulikuwa na jiji moja, lenye askari wabaya, katika mtaa mmoja mbaya. Huyo msomaji akatikisa kichwa, akafungua ukurasa wa michezo. Ukweli ni kwamba pale palikuwa na mji uliochorwa na watu kwa makusudi, kwa mnyororo, kwa hati na kwa mikopo, na wakati michoro hiyo ilipomaliza kazi yake wachoraji walishahama. Mtoto wa miaka 18 ndiye aliyekutwa barabarani.

Yule mzee hakuacha namba ya simu. Kama bado anasoma, hii ni yake:

Masahihisho. Katika habari yetu ya Agosti mwaka juzi tuliandika kwamba Ferguson ni mtaa wa jiji la St. Louis. Ferguson ni mji unaojitegemea katika Kaunti ya St. Louis. Mwandishi anaomba radhi.